Muuza Mayai wa Malaba na Vichwa Visivyoota Nywele

Tok, tok, tok. Ukungu umefunika mpaka wa Malaba na malori hayaonekani bado, ila mlio huo mdogo unasikika kando ya barabara. Kijiko kinagonga yai.

Ni saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, kesho Pasaka. Ukungu unapopungua anaonekana Roselyn Nabwire, mwenye miaka thelathini na mmoja, amekalia kreti tupu la soda. Ndoo ya mayai ya kuchemsha iko kati ya miguu yake.

Halimenyi yai. Analigonga utosini tu, analifungua kidogo, analitia chumvi na pilipili, kisha anampa mteja pamoja na kijiko.

"Kula kutoka juu. Ganda unirudishie, na usilipasue," anamwambia Emukule, tanboi anayemsaidia dereva wa lori linalokwenda Kampala.

"Mama, yai yako iko na sheria mingi kushinda forodha."

"Basi peleka njaa yako forodha."

Emukule anacheka, anachota yai mpaka mwisho, na ganda linarudi zima kama kikombe. Roselyn analipangusa na kuliweka kikapuni, juu ya majani makavu ya ndizi.

Siku ambayo foleni ni ndefu huuza mayai themanini. Mayai ndiyo yanayomlisha yeye na bintiye Teresa, mwenye miaka saba. Lakini msimu huu wa mwaka 1974, kinachomkosesha usingizi ni maganda.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa Kwaresima, Teresa alilia akitaka mwanasesere. Roselyn hakuwa na uwezo wa kumnunulia. Aliokota ganda la yai, akalichora macho na mdomo kwa kipande cha makaa, akalijaza udongo na kunyunyiza mbegu za wimbi juu yake. Alilikalisha kwenye pete ya maganda ya mgomba lisianguke, akawa analinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Lilipandwa Jumapili ya Matawi. Ijumaa Kuu lilikuwa limeota nywele za kijani.

"Teresa alilipatia jina. Alilichana nywele kwa mwiba," anasimulia. "Mwaka uliofuata watoto wa mtaa mzima walijaa kwangu. Walikaa chini, kwenye udongo, na hakuna aliyelalamika."

Vichwa hivyo huwekwa juu ya meza kanisani asubuhi ya Pasaka. Watu walivitazama, wakauliza ni kazi ya nani, wakajibiwa: ya mama mayai. Hakuna sifa nyingine aliyowahi kupewa hadharani.

Kisha akahamia jirani Mildred Okwara, fundi cherehani. Ana baraza la saruji, viti sita na vipande vya vitambaa vya kila rangi. Mwaka huu watoto walikwenda kwake. Vichwa vyao vikavaa kofia na tai.

"Ganda ni langu. Ujuzi ni wangu. Na mtoto wangu mwenyewe anatoka kwangu mbio kwenda kwa anti Mildred," Roselyn anasema, akigonga yai kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Nilikuwa nasikia wakicheka kule, natamani mvua inyeshe iwatawanye."

Jumapili ya Matawi, Mildred alikuja mlangoni mwake na bakuli. "Mama Teresa, nisaidie wimbi kidogo. Watoto wameshajaza udongo."

Nyumbani kwa Roselyn kulikuwa na makopo mawili. Moja lilikuwa na wimbi la mbegu, kutoka shamba la mama yake kule Busibwabo. La pili lilikuwa na kimea cha kupikia busaa. Kimea ni wimbi lililokwisha kuoteshwa, likakaushwa juani. Ukilipanda tena, litaoza tu. Mtu asiyepika pombe anaweza asijue tofauti.

"Mkono ulikwenda kwenye kimea. Siwezi kusema nilikosea. Nilijua kopo ni lipi."

Jana, Ijumaa Kuu, Teresa alirudi amekumbatia kichwa chake. Kilikuwa na tai nyekundu na upara mtupu. Dirishani, kichwa kimoja alichopanda Roselyn kilikuwa kimeota kijani tele.

"Mama, chako kimeota. Changu na vya wenzangu wote havijaota. Wanasema ni mimi niligusa udongo kwanza. Mkono wangu ni mbaya?"

Roselyn anaacha kugonga. "Nilitaka Mildred aaibike. Sasa watoto wamemtwika aibu hiyo mtoto wangu. Amelala ameficha mikono chini ya blanketi."

Saa nne, kabla ndoo haijaisha, anafunika mayai na kusimama. Anachukua kikapu cha maganda na fundo la wimbi alilofunga kwenye ncha ya leso, anakwenda moja kwa moja hadi kwenye baraza la Mildred. Watoto tisa wako pale, Teresa akiwa nyuma kabisa.

"Mildred, nilikupa kimea," anasema, watoto wote wakisikia. "Nilijua. Nilikuonea wivu. Mkono wa Teresa hauna kosa, wangu ndio ulio na kosa."

Mildred anasimamisha cherehani.

"Na mimi siku sita nalaumu maji ya mto," anasema. "Nimeyachemsha, mama. Nimeyachuja na kitambaa kipya."

Mtoto mmoja anacheka, kisha wote. Mildred hacheki, lakini anavuta kiti cha saba.

Roselyn hakikalii. Anapiga jicho kwenye viti vile na saruji ile, na wivu bado unaonekana usoni pake. Anachuchumaa chini, kwenye udongo, anafungua fundo na kumimina wimbi kwenye kiganja cha Teresa.

"Anza wewe. Wenzako watafuata."

Teresa anasita. "Na lisipoota?"

"Jumapili baada ya Pasaka vichwa hivi vyote vitakuwa na nywele," Roselyn anamwambia, kwa sauti ya kufika barabarani. "Visipoota, nitanyoa zangu, na wewe utaniweka juu ya meza ya kanisa pamoja navyo. Nimesema mbele ya Mildred."