Baba alipoacha kucheka, tukadhani amemchoka mama

Wakuu, habari za muda huu. Naandika jambo la nyumbani kwetu na siongezi chumvi. Mengine hata mimi sijayaelewa mpaka leo.

Kwetu ni Umatengoni, upande wa Litembo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa ndio wanaanza kuingia vijijini. Mimi nilikuwa mwalimu Mbinga mjini.

Mzee wangu alikuwa mtu wa utani, na kanisani alifundisha kwaya.

Akabadilika, tena polepole. Kwaya akaiacha bila kusema sababu. Kahawa ikaiva mpaka ikadondoka, yeye kakaa tu kibarazani. Ukimuuliza, anajibu, "Sina hamu."

Ikaja hofu. Mtu mzima, akisikia gari la mnunuzi linapanda mlima anaingia ndani, jasho linamtoka!

Na uso, wakuu, uliganda. Mama anasimulia kitu cha kuchekesha, mzee anamtazama kama anatazama ukuta.

Mama alivumilia karibu mwaka. Siku moja akafunga nguo zake, akashuka kwa kaka yake Lituhi, ziwani.

Majirani wengine wakasema mzee karogwa. Wengine wakasema ana mwanamke. Mimi msomi nikaamini hao wa pili.

Nikapanda nyumbani kumkaripia baba yangu mzazi. "Baba, umemfanya nini mama?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Sijui, mwanangu. Nawapenda, ila ndani kumenyamaza."

Nikaona ananizungusha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikamwona anahangaika na vifungo vya shati, misa inakaribia kuanza bado yuko kifungo cha pili. Hapo hasira ikaniisha, nikaogopa.

Nikampeleka hospitali. Daktari akamtembeza, akamwambia aandike jina lake. Herufi zikaanza kubwa, zikaishia kama sisimizi.

"Mzee hajanuna," daktari akaniambia. "Ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Huzuni, hofu na kukosa hamu vinaweza kutangulia kabla hata mkono haujatetemeka. Na misuli ya uso imekakamaa. Anaweza kufurahi usione."

Nikashuka Lituhi. Mama nilimkuta anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hanichukii?"

"Hakuchukii, mama."

"Mbona usoni sioni?"

Lakini alirudi.

Dawa zilisaidia mikono, hamu ikarudi kidogo tu. Kuna siku alishinda amelala, tusijue ni ugonjwa, ni dawa, au ni huzuni yake mwenyewe.

Mama akajifunza kuuliza kwa mdomo. "Baba nanihii, leo umefurahi?"

"Nimefurahi sana," anajibu, uso mkavu kama jiwe.

Na mama anacheka kwa niaba ya wote wawili.

Nilichojifunza: mzazi akibadilika ghafla au polepole, mpeleke apimwe kabla hujamhukumu. Mimi nilianza na hukumu, na msamaha sikuwahi kumwomba vizuri.

Mwenye mzazi wa hivi humu, mlitofautishaje ugonjwa na mtu mwenyewe? Nasoma kila comment.