Tela langu la kupigia kambi limeniitia wakwe

Jamani, leo nimepatanishwa na mke wangu, na wala hatujagombana.

Mnalijua lile tela dogo ninalojijengea uani la kwenda kupigia kambi? Ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe, mabati yaliyobaki kwenye banda la kuku, godoro moja. Basi.

Juzi na jana nililala humo kupima kama linavuja.

Kumbe jirani kashapeleka habari Kasoli kwa wakwe: "Mkwe wenu kafukuzwa ndani, anajenga kibanda chenye matairi akimbie!"

Asubuhi hii, hodi. Baba mkwe na wazee wawili. Hata salamu yangu ya "mwangaluka" hawakuijibu.

"Mkwe, umemkosea nini binti yetu?"

Nikamtazama mke wangu anitetee. Akainamisha kichwa: "Baba, muulizeni mwenyewe." Mabega yanamtikisika kwa kicheko!

Nikaomba msamaha. Wa nini, sijui mpaka sasa.

Yakaisha. Baba mkwe akaingia kukagua tela. Akajinyoosha kwenye godoro.

Kisha akaniita, ananong'ona:

"Mkwe, na mimi nitengenezee. Ila mama mkwe wako asijue."

Nimjengee? Maana naona kikao kingine hicho kinakuja.