Miezi Tisa Ndani ya Plasta

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi pale Eldoret, na hakuna kitu kilichomuudhi kama pindo lililokaa upande. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mitatu alinishonea gauni la kanisani, pindo likashuka kushoto na kupanda kulia. Akalifumua. Akashona tena, likakaa vilevile. Mara ya tatu aliilaumu mashine akaitia mafuta, kisha akakilaumu kitambaa.

"Simama wima," akaniambia.

"Nimesimama, Baba."

"Si hivyo. Wima!"

Mama alikuwa amemletea chakula cha mchana. Alinitazama kutoka nyuma, akaweka sufuria chini, akapitisha kidole mgongoni mwangu kuanzia shingoni. Kidole hakikushuka moja kwa moja. Kilienda kulia, kikarudi kushoto.

"Baba watoto," alisema, "gauni lako halina makosa. Ni huyu mtoto amepinda."

Baba alianza kucheka kama mtu aliyeondolewa lawama, halafu akaelewa alichoambiwa. Alinishika bega, na hakuliachia mpaka tulipofika zahanati.

Kwa wiki kadhaa Mama alijilaumu. Alisema ni kuni alizonibebesha nikiwa mdogo, na majirani wakaongeza mitungi ya maji. Mimi sikuumwa popote, kwa hiyo nilishangaa watu wakinipa pole. Mwishowe zahanati ilituandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Nairobi, nami nikapanda gari la moshi na Mama, nikifurahia safari kuliko ilivyofaa.

Daktari wa upasuaji alikuwa Mzungu mrefu mwenye pua nyekundu, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa mpishi wake. Alipanga viberiti sita juu ya meza, kimoja juu ya kingine, akavisukuma vikapinda.

"Mgongo yako iko hivi. Hapana kosa ya kuni, hapana kosa ya mama. Inakuja tu, hasa kwa msichana." Akavinyoosha polepole. "Mimi nyoosha kidogo. Halafu toa mfupa kidogo ya mguu, weka hapa, hapa, na hapa. Yeye shikana pamoja. Basi, hapana kwenda kombo tena."

Mama, ambaye uso wake ulikuwa umelegea aliposikia habari ya kuni, alikaza tena macho. "Na huo mguu, Daktari? Utabaki bila mfupa?"

"Mama, mfupa ya mguu iko mingi!"

Walinivuta kwanza, kichwa huku na miguu kule, wakanizungushia bandeji zilizoloweshwa chokaa nyeupe. Zilipokauka nikawa na koti gumu kama ukuta, kutoka kidevuni hadi nyongani. Hiyo ndiyo plasta. Siku ya upasuaji walikata dirisha mgongoni mwa koti hilo ili daktari apate pa kufanyia kazi. Nilifunikwa pua kwa kitambaa chenye harufu kali, nikaambiwa nihesabu. Nakumbuka nilifika saba.

Sitasema haikuuma. Siku tatu nililia, na la ajabu ni kwamba mguu uliotolewa mfupa uliuma kuliko mgongo. Mama alinilisha uji kwa kijiko na kuniimbia. Wiki ya pili, nilipoanza kulalamika kwamba uji hauna sukari, alisema sasa nimepona vya kutosha, akarudi Eldoret kwa wadogo zangu.

Nililala chali miezi sita. Kitanda cha pili alilala msichana wa Machakos aliyevunjika paja, mwenye umri wangu na mdomo usiochoka. Kila asubuhi alinyoosha mkono akagonga plasta yangu.

"Hodi!"

"Karibu, lakini nyumba imejaa," nikamjibu, na wodi nzima ikacheka, hata mama mmoja ambaye hakuwa amecheka tangu aletwe.

Muwasho ndio uliokuwa adui. Sista mmoja mwenye huruma alituachia sindano ya kufumia sweta, na rafiki yangu akawa ananikuna kwa zamu maalumu, baada ya chai na kabla ya maombi. Siku moja tulikuwa tunakula njugu, moja ikaponyoka ikaingia kifuani mwangu, ndani kabisa. Sindano haikuifikia. Nililala na njugu ile wiki mbili, ikinichoma kila nikivuta pumzi, na hatukuthubutu kumwambia mtu.

Siku ya kubadilisha plasta, daktari aliifungua, akainama, akaiokota kwa koleo dogo. Akaigeuza mbele ya madaktari vijana waliokuja kujifunza.

"Hii nani panda?"

Rafiki yangu alijifunika blanketi hadi kichwani. Blanketi likawa linatetemeka kwa kicheko.

Miezi mitatu ya mwisho nilivaa plasta nyepesi zaidi, nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Nilishuka kituoni Eldoret nikitembea kama kabati linalohamishwa. Mama alitaka kunikumbatia, akakosa mahali pa kushika, tukaishia kushikana masikio na kucheka huku machozi yakimtoka.

Plasta ilipokatwa niliogopa kwamba nitavunjika, nilivyojiona mwepesi. Mama alinipeleka nyumbani, akachemsha maji, akanisugua kwa beseni tatu. Mgongo haukunyooka wote. Umebaki na kona ndogo, na sehemu ile iliyoshikana haipindi. Kitu kikianguka chini mpaka leo napiga magoti kukiokota. Lakini daktari alisema kweli, haukuwahi kwenda kombo tena.

Shuleni niliwekwa darasa moja na watoto niliowapita umri, kwa sababu ya mwaka niliopoteza. Niliingia nikiona aibu. Mwalimu alinipima kwa macho kutoka miguuni hadi kichwani, akanipa kifutio.

"Wewe ndiwe niliyekuwa nakungoja," alisema. "Hakuna mwingine humu anayefika juu ya ubao."

Nikaenda, nikaufuta wote bila kupanda kiti.