Mama Aliposomewa Kiapo Mnadani

Siku hizi nikipita uwanja wa mnada wa Karatu, wauza mitumba wananiuliza umri wangu. Hawanipi hata salamu, ni umri tu, tena wanauliza wakiwa wameshika kipaza sauti, nami jibu langu ni kuongeza mwendo. Najua mmeshasikia habari ilivyozungushwa mitaani (lile toleo linalosema nilizirai, sikuzirai, nilikaa chini kwa hiari yangu), kwa hiyo ni heri niwasimulie mwenyewe aibu yangu kuliko kuwaachia watu waendelee kuipamba.

Mimi ni mtu wa maswali. Kanisani nilimuuliza katekista kwa nini tunachangia paa ilhali paa lenyewe lipo juu ya vichwa vyetu, bati jipya, na hadi leo akiniona anakumbuka ana safari. Chuoni nilimbana mhadhiri mmoja hadi akanishauri nitoke nje nipate hewa. Nikarudi nyumbani na shahada ya ualimu wa Hisabati na maswali yangu yote, nikawa nafundisha kwa muda kwenye shule binafsi ambayo mshahara hutoka siku mwenye shule akiamka vizuri, na ajira ya serikali naisubiri kama wenzangu. Ndipo ikatokea nafasi Oman. Shule moja huko ilitaka walimu wa Hisabati wasiozidi miaka ishirini na nane, na mimi kitambulisho changu cha taifa kilisema nina ishirini na sita, nikafanya usaili kwa video nikiwa nimevaa shati na tai juu na kaptura chini, wakanipenda. Wakasema nilete vyeti vyangu vikiwa vimethibitishwa na wakili, kisha wizarani, kisha ubalozini, pamoja na cheti cha kuzaliwa, kabla mwezi haujaisha.

Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Nilizaliwa nyumbani, Buger, na wakati ule hakuna aliyefikiria kwamba siku moja Oman itataka kujua.

Kuna wakala mmoja Arusha anayewashughulikia watu wa namna hii, nikamwandikia, akanitumia orodha ya huduma zake kwa WhatsApp, ndefu kama barua ya posa: wakili, wizara, ubalozi, nauli, "ufuatiliaji", halafu chini kabisa "shahidi wa kuzaliwa", na huyo shahidi ndiye alikuwa ghali kuliko wote. Nikampigia.

"Huyu shahidi ni nani?"

"Kaka, shahidi ni shahidi. Anaapa kwamba ulizaliwa."

"Nilizaliwa, unanisikia naongea. Aliyenizaa yupo Buger, anafuga kuku, na hanitozi kitu."

"Sawa, kaka," akasema kwa upole ambao sasa ndiyo naelewa ulikuwa wa huruma. "Ukikwama utanipigia."

Nikamfuta shahidi kwenye orodha, kisha nikaifuta orodha nzima, nikatangaza kwenye kundi letu la walimu wasio na ajira kwamba mawakala ni wezi wa mchana, kwamba mambo yote haya mtu anaweza kuyafanya mwenyewe kwa gharama ndogo, na kwamba nitawaandikia mwongozo. Watu wakanipongeza. Mmoja akaniita mkombozi.

Siri yangu ilikuwa hii: siku za mnada, wakili mmoja wa mjini huweka meza nje ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake, pembeni ya uwanja, anagonga mihuri kwa bei ya mnada. Juu ya meza ana Biblia upande mmoja na Kurani upande mwingine, kila moja imefungwa kitambaa chake, na katikati mhuri. Nikamwambia mama aje, akaweke dole gumba tu. Sikumwambia zaidi ya hapo, kwani ningemwambia nini zaidi? Ni dole gumba.

Mama akafika na mfuko wa nailoni wenye karatasi zote za nyumbani (hata risiti ya redio tuliyokwisha kuitupa), amevaa kitenge cha Krismasi, na kabla ya kukaribia meza akaomba maji ya chupa anawe mikono. "Nitashika Biblia," akaniambia. "Asubuhi nimekamua ng'ombe."

Kazi ikaanza vizuri mno. Wakili akagonga nakala za vyeti vyangu, pa, pa, pa, bila hata kutupia jicho vyeti halisi, na hapo mimi mtu wa maswali sikuwa na swali lolote. Kisha akachomoa kiapo cha mama, ambacho nilikuwa nimempelekea maelezo yake jana yake, akamsogezea wino. "Mama, weka dole hapa."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Hakuna aliyeniuliza kitu, mstari ulikuwa unasonga, jua linawaka, lakini niliona watu wanatazama, na mtu msomi akitazamwa huwa anasikia kuwashwa.

"Wakili, samahani. Humsomei kwanza?"

Akaniangalia. "Mwalimu, nyuma yako kuna watu wangapi?"

"Hata wakiwa mia. Mtu hawezi kuapa kitu ambacho hajasikia. Kiapo bila kusomewa ni usanii."

Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Amesema kweli," na hilo likanimaliza kabisa, nikajiona natetea wanyonge wa wilaya nzima. Wakili akaichukua karatasi, akaanza kusoma, lakini hatua tatu kutoka pale kulikuwa na muuza mitumba na spika yake, suruali, suruali, chagua mwenyewe, na mama akawa anatega sikio hasikii. Nikamwomba yule muuzaji apunguze sauti. Yeye akafanya jambo la kiungwana zaidi.

"Oya wakili, chukua maiki, msomee bi mkubwa. Dakika mbili tu."

Naomba mkumbuke kwamba mimi ndiye niliyeipokea ile maiki na kumkabidhi wakili.

"Mimi," sauti ya wakili ikatoka, ikapita juu ya mbuzi, juu ya vitunguu, ikafika hadi kwa wachoma nyama kule mwisho, "ninaapa na kutamka kwamba mimi ni mama mzazi wa Paskali, ambaye nilimzaa kijijini Buger," kisha akataja tarehe, mwezi na mwaka.

Mama akiwa na mkono juu ya Biblia akasema, "Hapana."

"Hapana nini, mama?"

"Mwaka huo sikumzaa Paskali. Mwaka huo nilimzaa Veronika, hospitali." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni akatoa kadi ya kliniki ya mdogo wangu, imekunjwa mara nne, kadi pekee ya mtoto iliyokuwemo nyumbani, ambayo alikuja nayo kwa nia njema kabisa, akidhani kadi ya mtoto yeyote inaweza kusaidia.

Wakili akaikunjua, akaangalia karatasi yangu, akaangalia kadi, na kwa bahati mbaya maiki ilikuwa bado mdomoni. "Kwa hiyo Veronika alizaliwa miezi minne kabla ya Paskali?"

"Veronika ni mdogo wake!" Mama sasa alikuwa anaongea kwenye maiki vilevile, kwa sababu wakili alikuwa ameielekeza kwake kama mtangazaji. "Paskali amempita miaka mitatu. Miezi minne inatoka wapi? Mimi si mbuzi nizae mara mbili kwa mwaka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sijawahi kusikia mnada wa Karatu ukicheka kwa pamoja, kwa kawaida hata bei ya kondoo hawakubaliani.

"Mama, watu wanakuitaje?" wakili akauliza, na niliona sasa anaifurahia kazi yake.

"Mama Paskali."

"Si Mama Veronika?"

"Nitaitwaje jina la mtoto wa pili wakati wa kwanza yupo? Huyu hapa!"

"Na mtoto anafundisha nini?"

"Hesabu," akasema mama, kwa fahari.

Nikakaa chini. (Kwa hiari, nimeshasema.)

Ukweli ni huu, na niliujua bila kutaka kuujua. Darasa la saba, fomu zilipotaka tarehe za kuzaliwa na wengi wetu hatuna, mwalimu alitupanga mstari kwa urefu nje ya darasa akatugawia miaka: warefu wakapewa umri mkubwa, wafupi umri mdogo. Nilikuwa mfupi. Nikapewa mwaka wangu nikaushika, nikaenda nao hadi sekondari, ukaenda hadi kwenye kitambulisho. Mimi niliyemhoji katekista kuhusu bati, sikuwahi kumuuliza mama yangu nilizaliwa lini, na kadi ya Veronika ilikaa ndani ya sanduku la mama miaka yote hiyo, hatua nne kutoka kitandani kwangu.

Nikainuka, nikamvuta mama pembeni. "Mama, ni karatasi tu. Weka dole."

"Umesema mwenyewe kiapo si usanii. Umesema mbele za watu."

"Nilikuwa nasema kwa jumla."

"Mimi nimenawa mikono, Paskali."

Nikarudi kwa wakili nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba labda tungemalizia kimyakimya. Akatikisa kichwa. "Nimeshasikia, mwalimu. Mnada mzima umesikia. Nikigonga hapo, unanifungia ofisi." Kisha akakaa sawa kwenye kiti, akawageukia waliokuwa kwenye mstari. "Na kuanzia sasa navisoma vyote. Mwalimu amedai haki, haki itatendeka."

Aliyefuata alikuwa kijana mmoja mwenye koti la jinzi, akaanza kusema yeye hana haja ya kusomewa, anakielewa, alikiandika mwenyewe, lakini wakili alishapandwa na mori. "Ninaapa na kutamka kwamba mimi ni kapera, sijawahi kuoa wala kuishi na mwanamke..." Hakumaliza. Kwenye banda la vitenge aligeuka dada mmoja mwenye mtoto mgongoni na kuku wawili mkononi, akaja akiwa amenyooka kama mshale.

"Rudia hapo pa kuishi na mwanamke," akamwambia wakili.

Yule kijana hakumtazama mkewe. Alinitazama mimi. Nimetazamwa kwa chuki mara kadhaa maishani (katekista, mhadhiri), ila huyu alikuwa ananikariri sura. Mstari nao ukaanza kuyeyuka, mmoja amesahau kitambulisho, mwingine amekumbuka ng'ombe, na yule mama aliyesema "amesema kweli" akanipita akasonya.

Nikaenda nyuma ya duka nikampigia wakala.

"Mama amekataa," nikasema.

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

"Kaka, nani alikutuma upeleke mama wa kweli? Mama wa kweli ana kumbukumbu. Yule shahidi uliyemkata kwenye orodha ndiye mama. Tunaye hapa, ana kitambulisho, mtulivu, hata wakimwuliza vipi habadiliki. Hujachelewa. Leo jioni anaweza kuwa amekuzaa."

Naungama: nilifikiria. Nilifikiria Oman, nikafikiria mwenye shule wetu anavyoamka, nikafikiria mwongozo niliowaahidi wenzangu. Mama alikuwa amenifuata, amesimama karibu yangu anatafuna hindi la kuchoma.

"Anasemaje?"

"Anasema ana mama mwingine wa kuniapia."

Akatafuna, akameza. "Mwambie akuandalie na chakula cha jioni, maana kwangu leo hupati."

Nikakata simu. Tukarudi mezani, wakili akaandika kiapo kingine chenye mwaka wa kweli, akakisoma neno kwa neno (bila maiki, nilihakikisha), mama akanawa tena, akaapa, akaweka dole kwa kulikandamiza kama anayefunga mlango. Nilivipeleka vyeti na kiapo hicho kwa barua pepe kwenye ile shule ya Oman, nikaeleza kwa urefu habari ya mwalimu na mstari wa urefu. Walijibu sentensi mbili. Ya kwanza ilinishukuru.

Kwa hiyo nipo. Nina miaka ishirini na tisa iliyothibitishwa, kitambulisho kinachosema ishirini na sita ambacho kila nikienda kukirekebisha naambiwa nirudi wiki ijayo, na darasa la watoto ambao wazazi wao wote walikuwa mnadani siku ile. Juzi nilitoa nafasi ya maswali, mmoja akasimama akiwa amekaza uso: "Mwalimu, ikiwa mdogo wa mtu amemzidi kaka yake miezi minne, tafuta mama yao." Nilimpa alama. Swali lilikuwa limeundwa vizuri.

Na msidhani nimeacha kuuliza. Bado naamini mtu asomewe anachoapa, na yule wakili sasa anasoma, japo ananilaani. Lakini nimejiapiza, na kiapo hiki nimejisomea mwenyewe hadi mwisho kabla ya kuweka dole: kabla sijamfungulia mdomo wakili, padri wala waziri, nitaanza kwanza kwa kumuuliza mama, jikoni kwake, mlango umefungwa, na spika yoyote ikiwa ng'ambo ya Buger.