Nilivyosahihisha Kilio cha Mji

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha uchapaji hapa Nakuru nilivaa tai pana kama shuka. Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, kwa hiyo nilijua kila kitu duniani isipokuwa kazi. Msomaji Mkuu, mama mkali, aliniweka kwenye prufu, yaani karatasi za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa. Mwenzako anasoma nakala ya awali kwa sauti, wewe unafuata prufu kwa kidole. Zikitofautiana, unapiga kalamu nyekundu.

"Hapa hatufikiri," akaniambia. "Tunalinganisha."

Nikalinganisha miaka mingi, hata menyu za hoteli. Mama alipostaafu, Meneja wa Uzalishaji akaniletea faili moja lenye kazi mbili: utenzi wa kale wa shujaa aliyevunja lango la mji, na hadithi mpya ya vita hivyohivyo, ikisimuliwa na mwanamke mchota maji wa mji ule.

"Mzee, linganisha hizi, tunazitoa pamoja."

Utenzi ulisema mji ulimshangilia shujaa. Hadithi ilisema mji ulizika watoto siku tatu. Utenzi ndio uliotangulia, kwa hiyo nikaufanya nakala ya awali, na hadithi nikaifanya prufu; nikaona sijawahi kukutana na prufu mbovu hivi tangu dunia iumbwe. Nikasahihisha wiki mbili. Makaburi nikayafuta yote.

Ijumaa, mwandishi wa hadithi akaja kutoka Subukia kuidhinisha prufu. Alikuwa mwalimu, mpole. Akasoma kurasa tatu.

"Mzee, huyu mama mchota maji ameanza lini kushangilia?"

"Mwalimu, nakala ya awali ndiyo inasema hivyo."

"Hiyo ni ya watu wa shujaa. Huyu alikuwa ndani ya lango."

"Sasa mwenye makosa ni nani?"

"Hakuna. Lakini wewe umemnyamazisha mmoja."

Mashine ilikuwa ianze Jumatatu, na kazi ya mwalimu ya miaka sita ilikuwa nyekundu tupu. Jumamosi na Jumapili nilikaa nikitia nukta chini ya kila neno nililokata. Kwetu nukta hizo maana yake ni: liachwe lilivyo. Nilitia nukta kama milioni mbili hivi. Kaburi moja nilikuwa nimelipita, nikarudi kulitafuta.

Sasa nimestaafu, na kitabu ninacho. Nikisoma utenzi napiga meza kwa furaha. Nikigeukia hadithi, naionea aibu furaha yangu. Kesho yake napiga meza tena. Mke wangu huniuliza nimefika wapi.

"Langoni," namwambia. "Sijui nisimame upande gani."