Picha Ishirini na Nane za Mlango wa Mashariki

Chanthou alianza kufagia majani katika hekalu la Kouk Spung mwaka uleule mumewe alipovuka mpaka kwenda Thailand. Mimi nilikuwa mlinzi pale tayari, na ndimi niliyemkabidhi ufagio. Alikuwa na miaka thelathini na saba, mwembamba, kajifunga krama, kitambaa chetu cha miraba, kichwani, na begani kaning'iniza kamera.

"Dada, hapa tunafagia," nikamwambia. "Hiyo ya nini?"

"Ya Sarin. Nikiiacha nyumbani panya watatafuna mkanda wake."

"Kwa hiyo utafagia na kamera begani?"

"Kaka Hoeun, mbona wewe unalinda na redio?"

Nikazima redio. Akaenda kufagia.

Sarin, mumewe, alikuwa mpiga picha wa wageni kwenye mahekalu makubwa ya upande wa mjini. Anakupiga mlangoni, anakimbia kuisafisha, anakungoja njia ya kutokea na picha yako mkononi. Kisha zikaja simu za kamera na kila mtu akawa anajipiga mwenyewe. Sarin akaenda Bangkok kujenga maghorofa, na mwaka wa tatu akaacha kupiga simu. Nilimuuliza Chanthou habari zake mara moja tu.

"Alinifundisha kuusoma mwanga," akasema. "Wako wanaume wanaoondoka hawajamfundisha mtu hata kupika wali."

Sikuuliza tena.

Hekalu letu ni dogo. Watalii wanaofika kwetu ni wale waliopotea njia, au waliochoshwa na msongamano wa kule kwingine. Lakini juu ya mlango wa mashariki umekaa mti wa spung ambao sijaona wa kuushinda. Shina lake ni jeupe, limenyooka, na mizizi inamwagika kutoka paani mpaka chini, minene kama migongo ya nyati waliolala. Pembeni mwa mlango amechongwa mwanamke wa jiwe, ua mkononi, anatabasamu kidogo. Mzizi mmoja ulikuwa umeshafika kwenye shavu lake la kushoto.

Chanthou alimpenda yule mwanamke wa jiwe kuliko kitu chochote pale. Kila asubuhi alianza kufagia miguuni pake. Wiki ya mwaka mpya wetu, mwezi wa nne wa 2010, nilimkuta ameinama nyuma ya simba wa jiwe anayelinda njia, yule asiye na kichwa. Amekunja krama yake, ameitandika mgongoni mwa simba, na juu yake ameweka kamera.

"Nataka nijue mti unammeza kwa kasi gani," akaniambia. "Kwa macho huwezi kujua. Unamwona kila siku, unadhani yuko vilevile."

"Ukijua, utafanya nini?"

"Nitakuwa nimejua."

Tangu siku hiyo alipiga picha mbili kila mwaka, kutoka mgongoni mwa simba yuleyule. Moja mwaka mpya, ardhi imekauka mpaka inapasuka, na nyingine sikukuu ya kuwapelekea wafu chakula, mvua zikiwa zimekolea. Mtu angedhani ni kubonyeza tu, lakini mimi nimemtazama miaka yote hiyo. Jua likiwaka hapigi, maana mwanga ukipenya kwenye majani unamwaga madoadoa juu ya mawe, na picha inakuwa kama ngozi ya chui, huoni mchongo wala ufa. Alingoja wingu. Wakati mwingine alingoja siku tatu, anafagia, anatazama juu, anafagia. Mvua ikitoka kunyesha ndipo alipofurahi zaidi, kwa sababu jiwe lililolowa huwa jeusi, kuvu inawaka kijani, na kila mstari aliouchonga fundi wa zamani unajitokeza.

Duka la mwisho la kusafisha mikanda lilipofungwa mjini, alinunua kamera ya dijitali iliyotumika kutoka kwa mpiga picha wa harusi. Lenzi yake haikuwa sawa na ile ya Sarin. Siku nne mfululizo alishika picha ya zamani mkono wa kushoto, anasogeza kamera mgongoni mwa simba upana wa kidole, anatazama, anarudi tena. Alikataa kula mpaka ukingo wa mlango ukae palepale ulipokuwa. Nilimletea tambi za mchele na mchuzi wa samaki, nikazila mwenyewe.

Watu walimcheka. Bibi Moeung, muuza sukari ya mvumo karibu na lango, alimwambia hivi: "Thou, wenzako wanapiga picha wajukuu, wewe unapiga ukuta. Ukuta utakuja kukuzika?"

"Usiponizika wewe, bibi, nitauomba."

"Mimi nitakuwa nimetangulia. Ndiyo maana nauliza."

Mwaka 2023, kiangazi kikiwa kikali, wiki kadhaa kabla ya mwaka mpya wetu, akaja injinia kutoka ofisi ya uhifadhi. Jina lake Ratha, kijana wa mjini mwenye adabu, viatu safi. Alizunguka mlango wa mashariki siku mbili na kamba zake na daftari, kisha akatuita wafagiaji, walinzi na wanakijiji, akasema maneno ambayo hatukutaka kuyasikia. Mlango ulikuwa umefunguka ufa wa kuingiza ngumi. Mizizi inausukuma ukuta, alisema. Tukiacha misimu miwili zaidi ya mvua, boriti ya jiwe itashuka, pengine na watu chini yake. Mti lazima ukatwe.

Bibi Moeung akasimama. "Na mzimu mwenye mahali hapa, anayekaa kwenye mti huo, atahamia wapi? Kwako Phnom Penh? Una chumba cha wageni?"

"Bibi, mimi mwenyewe nimepanga chumba kimoja."

"Basi mtabanana."

Watu wakacheka, hata injinia. Lakini ilikubaliwa kwamba angerudi Jumatatu na mafundi wa msumeno. Chanthou alirudi kufagia. Nilidhani amevunjika moyo. Jioni ile, tukifunga lango, ndipo aliponiambia.

"Kaka, mimi nataka ukatwe."

"Unasemaje?"

"Ukikatwa, uso wake utabaki. Bado miaka mitatu, minne, umalizike. Nina picha zote. Nitampa injinia, aone kwamba mti unakula kila kitu." Akanitazama. "Usimwambie Bibi Moeung."

Asubuhi ya Jumapili alikuja na bahasha, akatandaza mkeka mbele ya kibanda changu, akazipanga picha zote mstari mmoja mrefu, kuanzia mwaka mpya wa 2010. Za mwaka huo bado hazikuwa zimepigwa, kwa hiyo zilikuwa miaka kumi na mitatu ya picha mbilimbili, ishirini na sita. Kwa mara ya kwanza niliona kile alichokuwa akikiona yeye peke yake. Ukitembea pembeni ya mkeka, mzizi unatembea nawe. Unapita shavu, unagusa pua, unafunika jicho moja.

Bibi Moeung akaja na kikapu chake kuchungulia. Macho yake yameingia ukungu. Akaokota picha moja, akaileta puani.

"Huyu nani? Mbona kichwa chake ni ua?"

"Bibi, umeigeuza. Hiyo ni miguu," Chanthou akasema, akanyoosha mkono aichukue. Kisha mkono ukasimama hewani. Akaichukua polepole, lakini hakuigeuza. Akaigeuza nyingine kichwa chini, halafu nyingine, mpaka mstari mzima ukawa juu chini.

"Kaka Hoeun, njoo. Tazama lile ua la jiwe analolikanyaga."

Kwenye picha za mwanzo, ua lote lilionekana, petali zake na jiwe lililo chini yake. Mwaka 2014 lilikuwa hivyo. Picha ya mvua ya 2015, jiwe la chini halipo. Mwaka 2018 ua limebaki nusu. Mwanamke wa jiwe alikuwa anazama. Na ufa, ambao sote tulikuwa tukiutazama pale juu kwenye mizizi, ulikuwa umeanzia chini, penye kona, kisha ukapanda. Katika picha zote za mvua tangu 2015, kwenye kona ile kulikuwa na dimbwi. Kabla ya hapo, hakuna.

"Miaka yote hii nimemtazama usoni," Chanthou akasema. "Sijamtazama miguu hata siku moja."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa sababu, na nilitamani ardhi inifunike. Kiangazi cha 2015 palitengenezwa uwanja wa kuegesha magari kando ya ukuta wa kusini. Malori yalileta udongo, dereva akauliza amwage wapi, na mimi ndiye niliyemwonyesha. Palikuwa na mtaro wa zamani wa kutolea maji, wa mawe mekundu, umejaa majani na vyura. Nilisema fukieni, maana nilitaka pikipiki yangu ikae kivulini. Nikamweleza Chanthou yote.

Alilitazama tena lile dimbwi pichani. "Utamwambia injinia au nimwambie?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Haya." Akaanza kukusanya picha.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Ukimwonyesha hizi, mti hautakatwa. Na uso unamalizika."

"Najua."

"Unaweza kumwonyesha za uso peke yake."

Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Halikuwa la hasira. Lilikuwa kama la mtu uliyemwambia kitu kwa lugha asiyoifahamu. "Nimezipiga zote," akasema, "sasa nimwonyeshe nusu?"

Jumatatu mafundi walikuja na misumeno yao, wakakaa kivulini kunywa maji ya miwa huku injinia akipiga magoti kwenye mkeka. Mwanzoni alitazama kwa heshima tu, kama mtu anayeonyeshwa picha za familia ya wengine. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shangazi, ulijuaje kwamba unasimama mahali palepale?"

"Kamera nilimwekea simba mgongoni. Simba hajahamia Thailand."

"Na kama simba naye amezama?"

Swali hilo lilimpendeza Chanthou, niliona. "Kapime," akasema.

Akapima kweli, saa nzima, na simba hakuwa amesogea. Kisha mimi nikasimama mbele yake na kofia mkononi, nikasema habari ya mtaro. Sikufukuzwa. Alisema tu, "Mjomba, nionyeshe mtaro ulipopita." Tukachimba pale konani, na kabla jembe halijafika magotini udongo ukawa uji, kiangazi kikali kile. Akashusha timazi kutoka paani, na uzi ukaonyesha ukuta umeinama kuanzia chini. Mizizi haikuwa ikiusukuma. Ilikuwa imeukumbatia, na mmoja ulikuwa umekazwa kama kamba ya kuvutia ng'ombe. Ratha aliuweka mkono wake juu ya mzizi ule, akakaa hivyo muda mrefu.

"Tungeukata," akasema, "ukuta wote ungekuja chini siku hiyohiyo, na mafundi wangu wako chini yake."

Mafundi wa msumeno waliacha kunywa.

Wiki zilizofuata tuliufukua mtaro. Mimi nilichimba kuliko wote, na Bibi Moeung alikuja kila asubuhi kukaa juu ya jiwe na kunihesabia vyura wanaorudi. "Huyo wa nne. Omba radhi, Hoeun." Ofisi ikaleta nguzo za chuma za kuegemeza boriti, tawi moja zito likapunguzwa, na kona ikajazwa mawe upya. Mti ukaachwa. Mpaka leo ufa haujaongezeka, na maji hayasimami pale tena.

Picha ya ishirini na saba na ya ishirini na nane Chanthou alizipiga mwaka uleule, nguzo za chuma zikiwa ndani. Nilimuuliza kama zinamuudhi, zile nguzo katikati ya picha yake. Akasema hapana, ndivyo mlango ulivyo sasa. Uso wa mwanamke wa jiwe umebaki jicho moja na pembe ya mdomo. Siku moja nilimkuta amesimama pale peke yake, kiganja juu ya sehemu ile iliyokwisha kufunikwa, kama unavyompima mtoto homa. Alinisikia, akafuta macho kwa krama, akaniuliza kama majani ya upande wa magharibi yatajifagia.

Mwaka uliofuata Ratha alirudi na karatasi. Ofisi ilitaka Chanthou awapigie picha mahekalu mengine ya msituni, kila moja mara mbili kwa mwaka, kwa namna ile yake. Walimpa stendi mpya ya miguu mitatu. Aliitazama, akauliza kama haitazama kwenye matope, na akasema kila mahali atatafuta kwanza jiwe lisilosogea. Ratha akaandika neno hilo kwenye daftari lake, nami nikaona fahari kana kwamba ni mimi niliyelisema.

Sasa mimi ndiye dereva wake, siku zangu za mapumziko. Mwezi uliopita tulikwenda hekalu moja upande wa milima ya Kulen, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki, saa moja ya mwisho kwa miguu, tukifuata alama za waliotegua mabomu ya ardhini. Ruba walinipanda mpaka kiunoni. Kulikuwa na mnara mmoja tu wenye mlango mmoja, umepasuliwa na mtini katikati, na nusu mbili zimesimama kwa sababu mtini umezishika. Chanthou aliuzunguka mara tatu bila kugusa kamera. Alipata jiwe lake, akaketi, akafungua wali na samaki wa kukaanga, tukala tukingoja wingu. Lilikuja karibu na adhuhuri, dogo, linakwenda mbio. Aliruka juu na mdomo umejaa wali.

"Kaka Hoeun! Ondoka hapo, unaharibu mlango!"

Nikaruka pembeni, nikaangukia kwenye miiba, na nyuma yangu nikamsikia akibonyeza mara moja, kisha akacheka kwa furaha peke yake.