Mkwe, Mama Mkwe na Masomo ya Lusaka

Ndani ya pikapu ya abiria iendayo Kabuta, afisa wa afya alimpa kisogo mama mkwe wake, kwani mila ya hapa haiwaruhusu kusemezana wala kutazamana. Kati yao aliketi mchuuzi wa samaki, mama wa Kongo, akipokea maneno na kuyapeleka.

“Mama, umuambie nataka masta ya afya ya jamii, miaka mbili Lusaka,” afisa akasema.

“Umuambie achukue cheti, miezi tatu hapa Nchelenge. Mutoto yangu iko na mimba,” mama mkwe akajibu.

Mchuuzi akachoka, akamgeukia mama mkwe. “Bon, haya, amekubali cheti.”

“Sijakubali!” Afisa aligeuka, wakatazamana uso kwa uso. Mama mkwe akajifunika kitenge kichwani.

“Umuambie,” sauti ikatoka ndani ya kitenge, “aende Lusaka leo hii, haya ya kuonana uso siiwezi.”

Basi wilaya itapata msomi, na mila imevunjwa mara moja tu.